Damu ya Aliyenileta

Katika hospitali nilikotibiwa Thika, benchi la kungojea lilikuwa limeegemezwa ukutani, mkabala na dirisha la dawa, na watu walilikalia kwa namna mbili. Mwenye pumu hukaa ukingoni, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda hadi karibu na masikio. Aliyemleta huegemea ukuta. Katika miaka ile ya tisini nilikaa ukingoni mwa benchi hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na kila mara aliyeegemea ukuta kando yangu alikuwa mdogo wangu, Rehema. Ninaandika sasa kwa sababu ubaya wenyewe umepita, na kwa sababu ninajua kwamba leo pia yuko mtu anayekaa ukingoni huku akimtazama aliyemleta kwa jicho ambalo asingependa lionekane. Ninaandika kwa ajili yake. Sitamchosha kwa nadharia, isipokuwa ile kidogo ambayo bila hiyo hataelewa jinsi wivu wangu ulivyopata kipimo.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Makongeni. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika elimu ya viumbe. Rehema alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi katika Eneo la Viwanda. Kutwa nzima alivuta hewa iliyojaa vumbi la pamba, na jioni alirudi nywele zikiwa nyeupe kama za bibi kizee. Kabla ya kuingia ndani alisimama uani akajikung'uta kwa leso, kichwa hadi miguu, kwa ajili yangu. Kisha aliingia, akainama juu ya jiko la makaa, akapuliza. Pumzi moja. Ilikuwa ndefu, nyororo, isiyokwama popote, na makaa yakashika. Mimi, niliyeshinda kivulini na vitabu vyangu, nisiyegusa pamba wala moshi, nilikaa kwenye kiti nikiisikiliza pumzi hiyo jinsi mwenye njaa anavyosikiliza mafuta yakichachatika kwa jirani. Hakujua anachokitumia. Alikitumia kuwashia jiko.

Hata usingizi wake niliuonea wivu. Alilala chali, bila mto. Mimi nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni, nikiusikiliza mluzi wa kifua changu na ukimya wa kifua chake.

Utafiti wangu ulihusu vipokezi. Juu ya kila chembe nyeupe ya damu kuna sehemu ndogo mno zinazopokea amri za mwili. Vile nilivyochunguza mimi hupokea amri ya kulegea, amri ile ile inayofungua mirija ya mapafu, na ambayo dawa ya kupulizia huiiga. Wakati wa shambulio la pumu, hasa mgonjwa akiwa ameipuliza dawa hiyo tena na tena kwa hofu, vipokezi hivyo hupungua. Chembe huvivuta ndani, kama watu wanaofunga madirisha kwa kuchoshwa na kelele za barabarani. Dawa huita, na wa kuitika ni wachache. Baada ya siku kadhaa za vidonge vikali, madirisha hufunguka tena. Chembe za damu si mapafu, na tulizitumia kama kioo tu, lakini ndani ya kioo hicho nilitarajia kuona kwa nini mimi na si yeye.

Tulihitaji watu wazima wenye afya wa kulinganishwa na wagonjwa. Msimamizi wangu, Daktari Were, aliniuliza tungewatoa wapi watu wanaokula chakula kile kile na kulala chini ya paa lile lile na wagonjwa wetu. Nilikuwa na jibu, na nilijivunia.

"Hakuna mwenye pumu anayefika hospitalini peke yake," nilimwambia. "Daima yuko aliyemleta. Tuchukue damu ya wote wawili, saa hiyo hiyo, palepale."

Alilisifu wazo hilo. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wagonjwa, tulikubaliana kwamba chembe zangu na za Rehema angezihesabu yeye, na majibu yake yangekaa kwake hadi mwisho, nisije nikayaona niliyotaka kuyaona.

Shambulio la kwanza baada ya mpango huo lilikuja na mvua za vuli, wakati maua ya zambarau ya mijakaranda yalipokuwa yameoza kandokando ya barabara na hewa imekuwa nzito kama nguo mbichi. Rehema alikwenda kwa jirani yetu auzaye maji, akateremsha mitungi yote kutoka kwenye mkokoteni bila kuomba ruhusa, akanipakia. Tulifika getini, yeye akisukuma, mwenye mkokoteni akikimbia nyuma yetu akiuliza ni nani atakayelipa maji yaliyomwagika.

Muuguzi wa zamu, Sista Wambui, alikwisha kutuzoea.

"Haiya! Leo mmekuja na gari gani?"

"Mkokoteni, Sista," Rehema alijibu. "Gari ya wenyewe. Haina plagi."

"Na huyu msomi wako ameshindwa hata kusema habari?"

"Akipumua atakusalimia. Mpe dawa, tafadhali."

Sista alifunga mpira mkononi mwangu, akachukua damu, na papo hapo akanivisha kinyago cha mashine ya mvuke. Kisha akamgeukia Rehema. Mshipa wa Rehema ulijitokeza wenyewe, mnene, wa buluu, kana kwamba umekuwa ukingoja kuitwa. Vichupa viwili vikalala pamoja kwenye kisahani.

"Yangu ni nyekundu kuliko yake, ama ni macho yangu?" Rehema aliuliza.

"Damu ni damu, wewe. Kunja mkono."

Alikunja mkono, akatoa mandazi kwenye karatasi, akaegemea ukuta, akala. Mimi nilikuwa ndani ya ukungu wa dawa, kila pumzi nikiinunua kwa mabega, nikimtazama akitafuna huku akipumua kwa pua bila hata kufikiri. Nikajiambia kwamba ndani ya kichupa chake mlikuwa na utulivu kamili, na kwamba siku moja Daktari Were angenionyesha kwa tarakimu ukubwa wa utulivu huo ambao mimi nilinyimwa.

Kisha yakafuata majuma ya vidonge. Kifua kilifunguka, na hilo nililishukuru. Lakini uso ulijaa, mashavu yakawa duara, kitambi kikaota juu ya miguu iliyokonda. Ukianza dawa hizi, ujue kwamba kioo kitakushangaza, na kwamba majirani watakupongeza. "Umenona, Salma!" waliniambia mlangoni. "Masomo yanakufaa!" Rehema alisimama kando yangu, mifupa ya mashavu imechongeka vizuri kwa kazi ya kiwandani, na hakuna aliyempongeza kwa lolote, kwa sababu hakuhitaji.

Jumapili tulikwenda Mugutha, upande wa Ruiru, kwa mama. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa mtaa, ambako mashamba ya kahawa yalikuwa bado hayajakatwa viwanja. Mama alipika wali na nyama, akanipakulia mchuzi mwepesi.

"Nyama ni ya huyu," alisema, akisogeza bakuli kwa Rehema. "Huyu anasimama kwa mashine siku nzima. Wewe, mwanangu, tumbo lako lipumzike."

"Mama, mimi ni mgonjwa wa kifua, si wa tumbo."

"Najua unachougua. Unaugua kufikiri. Umejipima mpaka umebaki vipande."

Rehema alinyanyua kipande cha nyama, akakiweka kwenye sahani yangu mama alipogeuka. Nilikila kwa hasira. Hata wema wake uliniudhi, kwa sababu mwenye kutoa ni yule aliyejaliwa ziada.

Baridi ya Julai ilinikuta nimebakiza jozi chache tu za sampuli kumaliza kazi. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, nami niliamka nikiwa nimekwisha kubanwa. Nilipuliza dawa, nikapuliza tena. Haikuitikiwa. Safari hii Rehema hakupata mkokoteni. Alinibeba mgongoni hadi barabarani, na huko mwenye pikapu ya maziwa akatuhurumia.

Hapa ninamwomba anayesoma akiwa na kifua kizito asome polepole. Nilikuwa nimejitungia kanuni ambayo hakuna aliyeniagiza. Dawa ya mvuke hubadili vipokezi, kwa hiyo nilitaka damu yangu itoke kabla ya tone lolote la dawa ya hospitali kunigusa. Siku nyingine hilo halikuwa na madhara, kwa maana Sista Wambui alikuwa mwepesi wa mkono. Lakini asubuhi ile mishipa yangu, iliyokwisha kuchomwa mwaka mzima, ilizama. Alijaribu mkono wa kulia, akakosa. Akajaribu wa kushoto, akakosa.

"Tunaanza dawa," alisema, akachukua kinyago.

Nilikisukuma kando. Nikamwonyesha kwa kidole mgongo wa kiganja changu: jaribu hapa. Nilikuwa siwezi kusema neno, lakini akilini nilikuwa na ufasaha wa kutisha. Jozi hii ikikosekana, nilijiambia, nitangoja baridi nyingine. Sista akachoma kiganja. Akakosa.

"Salma, kucha zako zimekuwa za buluu," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

Nikamwonyesha kifundo cha mguu.

Rehema alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa sweta umekunjwa hadi juu ya kiwiko, tayari kwa zamu yake. Aliukunjua. Aliuteremsha mpaka ukafunika vidole.

"Sista, mimi leo sitoi."

"Ngoja kwanza, nimalizane na..."

"Sitoi. Na bila yangu, yake ni bure. Si ndivyo ulivyonieleza, dada? Moja bila ingine ni kazi bure?" Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya wangu. "Basi imeshakuwa bure. Umesikia? Hakuna utafiti hapa leo. Hakuna kitu unangojea. Vaa hiyo kitu."

Nilimchukia. Ninataka lieleweke vizuri, kwa sababu watu husimulia nyakati kama hizo kana kwamba shukrani huja palepale. Nilimtazama aliyekuwa na pumzi ya kutosha kusema sentensi zote hizo mfululizo, naye akaitumia kunipokonya kitu pekee kilichokuwa changu. Kisha mikono yangu ikaishiwa nguvu, na kinyago kikafika usoni.

Nilikaa wodini hadi ukungu wa asubuhi ulipoanza kupungua. Mtungi wa oksijeni ulisimama kando ya kitanda kama mgeni asiyejua kuaga. Rehema alikuja kila jioni kutoka kazini, akajikung'uta nje ya mlango wa wodi, wagonjwa wengine wakamcheka. Hatukuzungumza juu ya asubuhi ile. Daktari wa wodi alinieleza, bila kupamba, kwamba kama kinyago kingechelewa kidogo tu, tusingekuwa tunazungumza. Kwa hiyo wewe unayesoma: dawa kwanza. Chochote unachokingojea, kiwe mtihani, mgeni, zamu yako kazini au jozi ya vichupa, kitangoja au kitapotea. Wewe pokea dawa kwanza.

Nilipopata nguvu ya kupanda ngazi za chuo, Daktari Were aliniita.

"Keti, Salma. Nimefungua hesabu zenu. Dada yako hafai."

"Hafai kwa lipi?"

"Kulinganishwa nawe. Damu yake si ya kawaida."

"Anaumwa?"

Lililonijia kwanza halikuwa hofu. Lilikuwa jambo lililofanana na mlango kufunguka, na lilikwisha kupita kabla sijaweza kulizuia.

"Haumwi. Anaogopa," alisema Daktari Were. "Kila siku aliyokuleta, vipokezi vyake vimepanda, vimepita vya mtu mzima aliyetulia. Mwili wa mtu anayekimbia kwa hofu humwaga katika damu chembe zenye vipokezi vingi. Nisingejua hata mimi, ila kuna sampuli moja ya mwezi wa nne. Alikuja peke yake saa ya chakula kukuchukulia vidonge, na Sista akadhani ni siku ya kipimo, akamtoa damu kwa mazoea. Siku hiyo ni mtu wa kawaida kabisa."

Nilianza kupiga hesabu, maana ndiyo kimbilio langu. "Basi tofauti niliyokuwa nikiitafuta kati yetu..."

"Imekuzwa. Vyako vinashuka kweli, hilo lipo. Lakini tulilipimia shimo lako kutoka juu ya mti."

"Na wale wengine? Waliowaleta wagonjwa wengine?"

Alinitazama kwa huruma. "Nao wote walikuwa wameleta mtu asiyeweza kupumua, Salma."

Niliteremka ngazi zile nikishika ukuta. Wazo langu zuri, lile nililojivunia, lilikuwa limepima watu wenye hofu na kuwaita watulivu. Na bado, katikati ya fedheha hiyo, wivu haukuniacha. Ulibadili tu mahali pa kukaa. Mwili wangu ulipoogopa ulifunga madirisha. Wake ulipoogopa uliyafungua yote. Hata kuogopa, aliogopa kwa afya.

Jioni nilimngojea uani. Alipomaliza kujikung'uta nikamweleza yote, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza hapa. Alicheka mpaka akaketi kwenye kizingiti.

"Kwa hivyo damu yangu ni muongo?"

"Si mwongo. Ilikuwa inakimbia."

"Si mimi ndiye nilikuwa nakimbia! Ulidhani mkokoteni unaenda na nini? Na wewe si mwepesi, dada, na hizo dawa zako."

"Lakini ulikuwa ukiegemea ukuta. Kila mara. Ukila mandazi."

"Miguu ilikuwa inatetemeka. Ulitaka niegemee nini? Na mandazi ni Sista aliniambia nikule, nisianguke."

Nikakumbuka neno lililonisumbua mwaka mzima. "Shifti ya usiku inalipa vizuri, nawe hukuwahi kuikubali. Nilidhani unapenda usingizi."

"Napenda usingizi sana," alisema, akiondoa uzi wa pamba kwenye nyusi. "Wewe ndiye hunipatii. Nikiskia hiyo filimbi yako nalala. Ikinyamaza naamka."

Kisha akaingia ndani, akainama juu ya jiko, akapuliza.

Ilitubidi kuwaita wote upya: kila aliyewahi kumleta mgonjwa wetu, aje siku ya amani, bila mgonjwa wake, aketi apumzike, kisha atolewe damu. Walikuja mmoja mmoja baada ya jua kurudi, mume wa huyu, shangazi wa yule, wakaegemea ukuta kwa mazoea ingawa benchi zima lilikuwa tupu. Rehema alikuja wa mwisho, kutoka kazini. Sista Wambui alimketisha kwenye kiti chenye mto karibu na dirisha, akamwambia atulie, asifikirie chochote. Mimi niliketi kona ya chumba. Kifua changu kilikuwa shwari; nilikuwa nimetembea hadi hapo bila kusimama njiani.

Sista alimshika mshipa wa mkono, akahesabu mapigo. Akangoja. Akahesabu tena, akatikisa kichwa.

"Moyo bado unakimbia. Umekunywa kahawa?"

"Hapana."

"Umegombana na mtu?"

"Hapana, Sista."

Ndipo nilipoona yalipo macho ya Rehema. Hayakuwa dirishani. Yalikuwa hapa, chini kidogo ya shingo yangu, penye kifungo cha pili cha blauzi, pale ambapo ngozi huzama mtu anapobanwa. Yalikuwa yakipanda na kushuka pamoja na kifua changu. Sikujua yamekaa hapo kwa miaka mingapi.

"Dada," alisema, "toka nje. Nikikuona hapa siwezi kutulia."

Nilitoka. Sista alifunga mlango nyuma yangu. Nilisimama kwenye veranda, penye jua, nikapumua vizuri, ndani na nje, pumzi iliyopita bila kukwama. Baada ya muda nikasikia Rehema akicheka kule ndani, kicheko cha chini, cha mtu aliyeinyoosha miguu, na Sista akisema, "Eeh, sasa ndiyo. Sasa lete mkono."

Nikamwonea wivu Sista Wambui, aliyebaki mle ndani pamoja na Rehema yule ambaye mimi sijawahi kumwona.